Kulia na kuvuma: muziki wa ambienti tuuiteje kwa Kiswahili?

Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa albamu Ambient 1: Music for Airports. Jina hilo lilishika kwa muziki wa polepole, usio na mdundo wa kuchezea, ambao mtu anaweza kuusikiliza kwa makini au kuuacha uende huku akifanya kazi yake. Neno lenyewe lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuzunguka, na mzizi huohuo ndio uliozaa ambiansi ya Kifaransa. Shida yetu inaanzia hapo. Kwetu Kongo, ambiansi ni chupa mezani, spika kubwa na watu wanaocheza hadi alfajiri. Mzizi ni mmoja, lakini maana zimepeana mgongo. Ukimwandikia msomaji wa Lubumbashi "muziki wa ambiansi", atangoja sebene.

Katika makala haya napendekeza tuuite muziki wa mvumo. Nitaeleza sababu, kisha nitalijaribu neno hilo kwa albamu chache za Afrika.

1. Vitenzi viwili

Kiswahili kina vitenzi viwili vikubwa vya sauti: -lia na -vuma. Mtoto analia, mbuzi analia, kengele inalia, simu inalia, hata mlango usiotiwa mafuta unalia. Kila mara tunaweza kuonyesha kwa kidole kinachotoa sauti. Upepo unavuma, bahari inavuma, nyuki wakiwa wengi wanavuma. Hapa sauti imeenea, nasi tumo ndani yake.

Jaribu kuuliza. "Nani analia?" ni swali la kutafuta chanzo. "Nani anavuma?" ni swali kuhusu mtu mwenye sifa: jina lake limetoka kwake na sasa limo vinywani mwa watu. Ndiyo maana uvumi ni habari isiyojulikana ilikoanzia. Ngoma inakubali vitenzi vyote viwili. Tunasema ngoma inalia, na methali inasema ngoma ivumayo haidumu. Kwa hiyo tofauti haiko katika chombo, iko katika namna sauti inavyomfikia msikilizaji. Basi -vuma inabeba wazo lilelile la kuzunguka lililomo katika neno la Eno, bila kuazima chochote.

2. Kulijaribu neno

Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi anayejulikana kama KMRU, alitoa albamu Peel mwaka 2020. Kipande chenye jina la albamu kinapita dakika 20. Ndani yake rekodi za mazingira na sauti za kompyuta zimechanganyika hadi swali la "nini kinalia?" linakosa jibu. Huo ni mvumo hasa.

Konono No. 1 wa Kinshasa wanatufundisha mpaka wa neno. Likembe zao zimeunganishwa na vipaza sauti vya kujitengenezea, na mkwaruzo wa spika umekuwa sehemu ya muziki. Ni muziki wa elektroniki, tena wa majaribio, lakini likembe zinalia na watu wanacheza. Hao ni ambiansi, si mvumo. Neno linalokataa kitu ndilo linalofaa kuwa istilahi.

Mwaka 2022 Mkenya Nyokabi Kariũki, katika peace places: kenyan memories, alikiita kipande kimoja kwa neno Ngurumo. Watunzi wenyewe, basi, wamekwisha kuchota katika kisima hiki.

3. Pingamizi

Mtu atasema: wimbo unaovuma ni wimbo uliopata umaarufu, na msomaji atachanganyikiwa. Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi "muziki unaovuma". Kitenzi kimekwisha kuchukuliwa na maana ya sifa. Nomino mvumo (wingi mivumo, ngeli ya 3 na 4) bado imebaki karibu na sauti yenyewe, kama mlio ulivyobaki kando ya kilio.

4. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwaka 2022 huohuo KMRU alitoa Temporary Stored, iliyotokana na hifadhi ya sauti ya Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Jumba hilo lina mizizi katika maonyesho ya kikoloni ya 1897, na Kongo ndiyo iliyolijaza. Orodha ya hifadhi ya sauti kwa kawaida huandika kinacholia: ala gani, kabila gani, mahali gani. Kinachovuma nyuma ya ala hakina safu yake. KMRU alizirudia rekodi hizo kama msikilizaji, si kama karani.

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tutaacha hifadhi zetu pia. Tunamrekodi mzee kwa simu, kisha tunakata jogoo, mvua na mchi kinuni, tukiziita kelele. Miaka 50 ijayo kijiji kile kitakuwa kimebadilika, na mvumo wake hautapatikana katika unukuzi wowote. Pendekezo langu ni dogo: kabla ya swali la kwanza, tuache mashine irekodi dakika tatu bila mtu kusema, na katika fomu zetu tuongeze safu moja baada ya msemaji, mahali na tarehe. Safu hiyo iitwe Mvumo.