Randa Yenye Kutu: Umri Wake na Bei Yake

*Nimenunua randa ya chuma kwa muuza vyuma chakavu. Imeandikwa Stanley No. 4 na ina kutu. Je, ni ya lini, na nimepata au nimepunjwa? – Msomaji, Tanga*

Nambari 4 ni saizi, si umri: ni randa ya kulainishia mbao, yenye urefu wa sentimita 24 hivi. Umri husomwa mwilini, nyuma ya kikalio cha kisu. Randa yenye tarehe ya hataza ya Aprili 1910 ni ya Marekani, na haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Iliyoandikwa kuwa ni ya Uingereza ni ya baadaye.

Kutu isimtishe mnunuzi. Ile ya juujuu hutoka kwa mafuta ya taa na brashi. Kinachoua thamani ni ufa, hasa kwenye kingo za mdomo, pale kisu kinapochungulia. Ufa mwembamba kama unywele hujificha chini ya kutu, kwa hiyo tako lisafishwe kwanza, kisha likaguliwe juani. Kisu kilichonolewa hadi kukaribia tundu lake kimekwisha.

Nambari 4 zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo bei yake ni ya kifaa cha kazi tu. Adimu ni Nambari 1, ndogo kuliko zote. Hiyo isiguswe kwa msasa kabla mjuzi hajaiona.