Mada ya Marudio: Desmodiamu, Mmea wa Kudumu Unaofunika Udongo

Ukipita mashamba ya Poli, Akheri au Nkoaranga mwanzoni mwa masika, utaliona tatizo linalozungumziwa katika mada hii. Shamba liko kwenye mteremko, mahindi yamepandwa kwa mistari, na kati ya mstari na mstari udongo uko wazi. Mvua kubwa ikinyesha kabla mahindi hayajatanda, maji hukimbia na udongo wa juu. Mito ya upande huo wa Mlima Meru humwaga maji yake katika mto Kikuletwa, nao Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Udongo uliotoka Poli haurudi. Kwa familia yenye nusu ekari na ng'ombe mmoja bandani, hasara hiyo huonekana kwenye debe la mahindi na kwenye ndoo ya maziwa.

Mojawapo ya njia za kuzuia hasara hiyo ni kupanda mmea unaotambaa katikati ya mistari ya mahindi. Mmea tutakaousoma hapa ni desmodiamu. Uko katika jamii ya mikunde, asili yake ni Amerika, na hutoa maua madogo ya rangi ya waridi au zambarau hafifu. Aina mbili hutumika zaidi Afrika Mashariki. Ya jani la fedha utaitambua kwa mstari mweupe katikati ya jani. Ya jani la kijani haina mstari huo, na huvumilia ukame zaidi. Zote mbili zina vinyweleo vinavyonata, na maganda ya mbegu zake hung'ang'ania nguo. Ukiwahi kutoka shambani suruali imejaa vijiganda, huenda mmeshakutana.

Neno la kushika ni "wa kudumu". Mahindi huisha kwa msimu mmoja. Desmodiamu ikishika hubaki shambani miaka kadhaa. Kwa hiyo kazi yake haigawanyiki sawasawa: karibu yote iko katika msimu wa kwanza.

Anza na udongo uliolainishwa vizuri. Mbegu za desmodiamu ya jani la kijani ni ndogo kuliko ufuta, na zikifunikwa na bonge la udongo hazitoki. Mahindi hupandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari. Katikati ya mistari hiyo chora kijifereji chenye kina cha sentimita 1 hadi 2, nyunyiza mbegu, kisha funika kwa udongo kidogo. Kiasi ni takriban kilo 1 kwa ekari. Fanya hesabu uone maana yake: ekari 1 ni kama mita za mraba 4,000, ukigawa kwa mita 0.75 unapata mita 5,333 za mistari. Gramu 1,000 zikigawanywa humo ni chini ya gramu 0.2 kwa kila mita. Hakuna mkono unaoweza kunyunyiza kiasi hicho kwa usawa. Ndiyo sababu mbegu huchanganywa kwanza na mchanga laini. Asiye na mbegu anaweza kutumia vipandikizi vya shina kutoka kwa jirani, kila kimoja kikiwa na pingili mbili ndani ya udongo na angalau moja juu.

Sasa palizi, na hapa ndipo wakulima wengi hushindwa. Miche ya desmodiamu hukua polepole sana mwanzoni, wakati magugu hukimbia. Palilia karibu na wiki ya tatu, kisha tena wiki ya tano au ya sita. Karibu na mstari tumia mkono, usitumie jembe. Mwonyeshe kila anayepalilia jani la mche linavyofanana, maana mfanyakazi wa kibarua asiyelijua ataling'oa pamoja na magugu, na atalipwa kwa kazi hiyo. Mmea ukishatanda huyazuia magugu wenyewe, na palizi hupungua sana.

Usiukate mpaka uwe umefunika nafasi. Baada ya hapo ukianza kupanda juu ya mahindi, upunguze, lakini bakiza shina la sentimita 10 hivi ili uchipue tena. Ulichokata mpe ng'ombe pamoja na mabingobingo, kwa sababu mabingobingo yana wingi na desmodiamu ina protini. Msimu unaofuata kata desmodiamu kwanza, kisha lima ule mstari wa mahindi tu.

Katika mizizi yake kuna vinundu vyenye bakteria wanaobadili naitrojeni ya hewani iweze kutumiwa na mmea. Chimba mmea mmoja, pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Jaribio hili halihitaji maabara.

Faida ya mwisho ni ya wadudu. Katika miaka ya 1990 kituo cha utafiti cha icipe kilikuza huko Mbita, Kenya, njia iitwayo sukuma-vuta: desmodiamu kati ya mahindi, mabingobingo pembezoni. Maelezo ya kawaida ni kwamba harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa bungua wa mabua, na mabingobingo huwavuta nje. Utafiti wa karibuni umeonyesha pia kwamba vinyweleo vyake hunasa na kuua viwavi, na wataalamu bado wanajadiliana kipi kina uzito zaidi. Kwenye mtihani toa maelezo ya kawaida. Hicho cha pili kiongeze ukiwa na nafasi.

Je, mmea huu unafaa kila mahali? Hapana. Upande wa kusini wa Meru hupata mvua ya kutosha, lakini kaskazini, kuelekea Ngarenanyuki, mlima wenyewe huzuia mvua na desmodiamu huteseka. Tena, mahali ambapo mifugo huachiwa mabua baada ya mavuno, mmea wa kudumu huliwa mpaka mizizi, isipokuwa wenye mashamba wakubaliane.

Watahiniwa wengi wakiulizwa faida ya mimea funika huandika "hurutubisha ardhi", wakaishia hapo. Hilo ni nusu ya jibu. Andika namna: "Majani yake hupunguza nguvu ya matone ya mvua na mashina yake hupunguza kasi ya maji, hivyo udongo wa juu haubebwi." Sababu na matokeo katika sentensi moja ndivyo vinavyoleta alama.

Jipime

1. Mkulima wa Akheri alipanda desmodiamu mwezi Machi. Mwezi Juni shamba lilikuwa na magugu matupu. Taja sababu mbili zinazowezekana, na ueleze kila moja.

2. Shamba lina robo ekari na mistari ya sentimita 75. Kokotoa urefu wa mistari yote na kiasi cha mbegu kinachohitajika.

3. Mkulima wa Ngarenanyuki anakuomba ushauri kuhusu mmea huu. Utamwambia nini, na kwa nini?