Kupiga Picha za Barabara Jioni ya Mvua: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Ukunda, Diani na Msambweni

Kati ya Aprili na Juni, masika yanapokolea, wageni hupungua ufuoni Diani na baadhi ya hoteli hufunga kwa muda. Mpiga picha aliyezoea kupata riziki yake mchangani hukosa wateja. Mji, hata hivyo, haufungi. Wenye migahawa, maduka na nyumba za wageni wanahitaji picha zinazoonyesha uhai wa mahali pao usiku, na Ukunda haina sura nzuri kuliko ile ya jioni ambayo lami imeloa.

Ni muhimu kuelewa mwanga wa kazi hii unatoka wapi. Ukisogea kidogo tu kutoka kwenye makutano ya Ukunda, kinachomulika njia kwa sehemu kubwa ni balbu ya mama wa viazi karai, taa ya kibanda cha M-Pesa, taa za mbele za tuktuk na makaa ya mchoma mahindi. Taa hizo zina wenyewe, nao wako kazini. Wakikasirika au wakifunga mapema, huna picha. Kwa hiyo anza na salamu kabla ya kutoa kamera mfukoni.

Sisi tuko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na giza letu huingia upesi. Mwezi wa Mei jua hutua karibu saa 12:10 jioni, na ikifika saa 12:40 ule ubuluu wa mbingu umekwisha. Nusu saa hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu taa zimeshawashwa na mbingu bado ina rangi. Kumbuka pia kwamba azana ya Magharibi huanguka mwanzoni mwake. Watu wengi huingia msikitini na barabara hupungua kwa dakika chache. Tumia utulivu huo kuchagua pa kusimama na kuitayarisha kamera. Wakitoka, njia hujaa tena na ubuluu bado upo. Usielekeze lenzi kwenye mlango wa msikiti bila idhini ya wasimamizi wake. Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, huvutia wapiga picha wengi, lakini ni nyumba ya ibada kwanza.

Usingoje mvua kubwa. Masika ya pwani mara nyingi hushuka usiku na alfajiri, na jioni utapata rasharasha au madimbwi yaliyobaki. Yanatosha. Chuchumaa, ushushe kamera karibu na maji, na balbu moja ya kibanda itakuwa mbili. Ukitaka matone yenyewe yaonekane, simama mahali ambapo taa iko nyuma ya mvua na wewe uko mbele yake. Mvua inayomulikwa kutoka upande wako hupotea. Katika barabara itokayo Diani kwenda Ukunda, geukia Ukunda: jua hutua upande wa Shimba Hills, na anga la huko hubaki na nuru wakati upande wa bahari umeshafifia. Kwale mjini, juu vilimani, ukungu wa msimu huu huifanya kila taa iwe na duara laini. Mpiga picha Brassaï, aliyetoa kitabu chake cha picha za Paris usiku mwaka 1933, alizipenda jioni za namna hiyo kwa sababu unyevu hupunguza tofauti kali kati ya taa na giza.

Zima flashi. Hugeuza matone kuwa madoa meupe na humpofusha dereva wa bodaboda kwenye lami inayoteleza. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi isiyolingana nazo huacha mistari myeusi kwenye picha. Tumia 1/50 au 1/100 ya sekunde, fungua lenzi kadiri iwezekanavyo, kisha panda ISO hadi 1600 au 3200. Pima mwanga kwenye balbu, si kwenye giza. Mwenye simu agonge balbu kwenye kioo, ashushe mwangaza, na aegemeze mikono ukutani.

Unyevu ni adui mkubwa kuliko tone la mvua. Ukitoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, lenzi itafunikwa na mvuke papo hapo. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Ukirudi, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu, kwani upepo wa bahari huacha chumvi inayokula vyuma. Usisimame kwenye ukingo wa lami, wala chini ya mnazi wakati wa upepo, wala karibu na waya wa stima ulioanguka. Radi ikianza, kunja miguu ya kamera uingie ndani.

Kuhusu watu, sheria iko wazi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya taarifa zake kutumika kibiashara. Sura inayotambulika ni mojawapo ya taarifa hizo. Kwa mtoto, tafuta idhini ya mzazi au mlezi. Ukiwa Msambweni, usipige wagonjwa wala wanaowasindikiza katika lango la hospitali, hata kama taa zake ndizo zinazong'aa kuliko zote mjini. Mwenye kibanda aelezwe picha itakwenda wapi na kama utalipwa, na akisema hapana, hama. Akikubali, andika jina lake na tarehe pamoja na namba ya picha, umpe nakala iliyochapishwa. Mteja wa hoteli akikuuliza siku moja kama una haki ya kuiuza, utakuwa na karatasi ya kumwonyesha.