Chombo cha Kukatia Mayai: Matumizi Yake na Kukisafisha

Katika kabati la chumba chetu cha mapishi mna chombo kidogo ambacho wanafunzi wapya hukidhania kuwa ni kinanda cha mtoto, maana kina nyuzi za waya zilizowambwa kama za gambusi, na kila apitaye hupenda kuzigusa zilie. Ni chombo cha kukatia mayai yaliyochemshwa. Nimeulizwa habari zake mara nyingi, hata nimeona heri niziandike hapa, kwa kuwa chombo hiki huuzwa kwa bei ndogo na wengi wenu mnacho nyumbani, lakini kukitunza ni wachache wanaojua.

Kilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mjerumani aitwaye Willy Abel, wa mji wa Berlin, na umbo lake halikubadilika sana tangu siku hizo. Kina sehemu mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Ya chini ni kitako chenye bonde la kulalia yai, nalo limechanjwa mifereji myembamba. Ya juu ni fremu yenye nyuzi za chuma kisichoshika kutu, kwa kawaida kiasi cha kumi. Fremu ikishushwa, kila waya hupita ndani ya yai na kuishia katika mfereji wake.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini waya, na kisu kipo? Jibu limo katika somo la fizikia. Nguvu ile ile ikikusanywa juu ya eneo dogo hupenya zaidi kuliko ikitawanywa juu ya eneo kubwa. Tena kisu kina mbavu pana. Kikiingia, kiini hushikamana na mbavu zile, na kisu kikitoka hutoka na sehemu ya kiini. Waya hauna mbavu, basi hupita bila kuburura kitu. Asiye na kikatio naye aweza kulithibitisha neno hili kwa uzi safi wa kushonea: aushike ncha zote mbili, aukaze, kisha aushushe juu ya yai. Litakatika vizuri kuliko kwa kisu chochote cha jikoni.

Faida yake si uzuri wa kutazama tu. Nyuzi kumi hutoa vipande kumi na kimoja katika yai moja. Katika nyumba nyingi nimeona yai zima likienda kwa mgeni au kwa baba, na watoto wakiambulia mchuzi, nao ndio wanaokua na wenye haja kubwa ya chakula cha kujenga mwili. Mayai matatu yakikatwa vipande na kutandazwa juu ya sinia la wali, kila aliyeketi hupata chake. Hata mwenye mkono mrefu ataona haya kuvikusanya vyote mbele ya macho ya watu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Yai la kukatwa hapana budi liwe limeiva hasa, kwa maana kiini kibichi kitamiminika juu ya nyuzi zote. Chemsha maji kwanza, uyatie mayai polepole kwa kijiko, nayo yachemke dakika kumi mpaka kumi na mbili. Walio nyanda za juu waongeze dakika moja au mbili. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi huku pwani, lakini Nairobi, palipo juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,700, huchemka yapata nyuzi 94 au 95 tu, na yai huchelewa kuiva. Katika dakika za kwanza yageuze mayai taratibu ndani ya sufuria, ili kiini kikae katikati. Kiini kikiegemea upande mmoja, vipande hutoka vibaya na ute wake huchanika.

Yakiisha kuiva yatie katika maji baridi mara moja. Yai linaloachwa kupoa lenyewe, au lililochemshwa kupita kiasi, hufanya ukingo wa kijani kuzunguka kiini. Wengine hulitupa wakidhani limeoza. Halikuoza; ni madini ya chuma yaliyomo katika kiini yamekutana na salfa itokayo katika ute. Na mwenye kutaka kumenya bila taabu asichague mayai yaliyotagwa leo, kwa kuwa ute wake hung'ang'ania ganda. Ya siku saba au kumi humenyeka vizuri zaidi.

Menya yai, lisuuze ili kusibaki kipande cha ganda, maana ganda hukwaruza nyuzi na kuzilegeza. Lilaze bondeni kwa urefu wake, kisha ushushe fremu kwa mkono mmoja, taratibu, bila kusita katikati. Wapo wanaokandamiza kwa ghafula kama wanaofunga sanduku. Hao hupata vipande vilivyopondeka. Ukitaka vipande vidogo vya kuchanganya na viazi au kutia katika mkate, lishike yai lililokatwa lisitawanyike, uligeuze robo mzunguko, ukate tena.

Chombo hiki hukata pia uyoga mbichi, ndizi mbivu iliyomenywa, viazi vidogo vilivyochemshwa vikapoa, na parachichi lisilo na kokwa. Karoti mbichi, kitunguu na muhogo wenye nyuzi usijaribu kabisa.

Katika kusafisha ndipo wengi wanapoharibu. Kikatio kioshwe pale pale kazi inapokwisha, tena kwa maji baridi kwanza. Najua tumezoea kusifu maji ya moto, na kwa vyombo vyenye mafuta ni sawa. Lakini utomvu wa yai usioiva barabara hugandishwa na joto. Ukiumwagia maji yanayofoka, utaupikia juu ya waya, nao utashika kama gundi. Maji baridi yakiisha kuondoa mabaki, ndipo utie maji ya vuguvugu na sabuni. Tumia mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo, usugue kwa kufuata urefu wa waya, si kwa kuukata, kisha upitishe katika kila mfereji wa kitako, kwa sababu humo ndimo kiini hujificha. Usipenyeze kitambaa kati ya nyuzi na kuvuta huku na huku. Hivyo ndivyo zinavyolegea.

Kama mwili wa chombo ni wa alumini, usiusugue kwa jivu wala kuuloweka katika maji ya magadi. Vitu hivyo hula alumini na kuigeuza nyeusi. Na kama ni wa plastiki, usiuanike karibu na jiko. Kikung'ute maji, ukiache wazi juu ya kitambaa safi mpaka kikauke, bawaba nayo.

Mabaki ya kiini kilichokauka mferejini si uchafu wa macho tu. Viini vya maradhi hustawi humo, na chakula cha kesho hupita mahali pale pale bila kupikwa tena. Kwa sababu hiyo hiyo, vipande vya mayai visikae mezani zaidi ya saa mbili, hasa katika joto letu.

Jambo la mwisho ni nyuzi zenyewe. Kabla ya kukata, zihesabu, na baada ya kukata uzihesabu tena. Ni kazi ya nukta chache. Uzi mmoja ukiwa umekatika na kipande chake hakionekani, chakula chote kilichokatwa wakati ule kitupwe, hata kama ni mayai ishirini na wageni wako mlangoni, kwa maana kipande cha waya kinaweza kumchoma mtoto kooni au tumboni. Usimwombe fundi akuwekee waya wa kawaida wa dukani, kwani utashika kutu baada ya siku chache. Ulegevu nao waweza kuutambua mapema kwa sikio: gusa nyuzi moja moja kwa ukucha. Ulio imara hulia sauti nyembamba, na uliolegea hulia sauti nzito, au haulii kabisa.