Soda ya Kutia Rangi: Hesabu ya Maji Yaliyojificha

Ndugu wasomaji, chukueni kalamu na karatasi, maana somo la leo lina hesabu kidogo. Ni hesabu iliyotugharimu sisi wenyewe.

Kikundi chetu hapa Mathare hutengeneza leso za tai-en-dai, kwa zile rangi za maji baridi zinazohitaji soda ili zishike pamba. (Wanaotumia kostiki na haidrosi wana masharti yao, msichanganye.) Maelekezo yetu yasema vitambaa vilowekwe katika maji ya soda ya asilimia 2. Siku moja tulikosa soda ashi ya unga, tukanunua soda ya kufulia, ile ya vipande vinavyong'aa kama barafu. Soda ni soda, tukasema. Tukapima gramu zilezile za siku zote. Basi tuliposuuza, rangi ikaenda na maji mtaroni. Leso kumi na mbili za oda ya harusi zikabaki na rangi hafifu, na mwenye oda akazikataa. "Lakini nilipima sawasawa!" mweka hazina wetu akalia. Na kweli, alipima sawasawa.

Asilimia 2 maana yake ni gramu 2 za soda katika kila mililita 100 za maji yaliyo tayari. Lita moja ni gramu 20. Mtungi wa lita 20 ni gramu 400. Hapo hatukukosea.

Shida ni kwamba vile vipande vina maji ndani yake, ingawa ukivishika ni vikavu. Katika kila sehemu 286 za uzito wake, soda yenyewe ni sehemu 106 tu, na sehemu 180 zilizobaki ni maji. Kwa hiyo gramu 400 zetu zilikuwa na soda gramu 148 hivi. Mtungi mzima haukufika hata asilimia 1!

Ili kupata gramu 400 za soda halisi, zidisha kwa 286, kisha gawanya kwa 106. Jibu ni gramu 1,079, sema 1,080. Kwa haraka, zidisha kwa 2.7. Tena usimimine lita 20 kamili kwanza. Yeyusha soda katika lita 15 hivi, halafu jaza hadi alama ya 20, kwa sababu vipande vimekuja na maji yao, karibu gramu 680.

Utajuaje umeuziwa ipi? Tazama lebo. Na2CO3 peke yake ni soda kavu. Ukiona baada yake nukta na 10H2O, hiyo ndiyo yenye maji. Kama hakuna lebo, pima gramu 100, uzipashe moto polepole kwenye karai kuukuu la chuma. Vipande vitayeyuka katika maji yao wenyewe, kisha vitakauka kuwa unga mweupe. Ukipima tena ukapata karibu gramu 37, umejua. Usitumie sufuria ya alumini, soda huila, na chombo hicho kisirudi jikoni. Vaa glavu, ulinde macho.

Jambo lililotusumbua zaidi ni mfuko ulioachwa wazi. Vipande vikikaa hewani hupoteza maji kidogo kidogo na kuvaa unga mweupe juu. Hapo 2.7 haifai tena. Ukiitumia utazidisha soda, pengine zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo fungeni mfuko vizuri, na kama umeshaingia unga, rudieni jaribio la karai. Soda ashi nayo ikiachwa wazi huvuta unyevu na kushikana mabonge.

Mama mmoja aliuliza kama magadi ya kupikia githeri yanaweza kufaa. Hayo ni mchanganyiko: katika gramu 100 za magadi safi, soda hii ni gramu 47 hivi, nyingine ni soda ya aina ya kuumulia mikate, na maji gramu 16. Ndiyo sababu magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, huchomwa kiwandani kwanza ndipo yawe soda ashi.

Zoezi: maelekezo yasema asilimia 5, ndoo yenu ni lita 10, na mna vipande vipya tu. Mtapima gramu ngapi? (Jibu: 500 mara 2.7, yaani gramu 1,350.)