Siku Moja Mwaloni: Kutoka Mwanza Hadi Vijiji vya Ziwa vya Sengerema

Tangu Daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, watu wa Mwanza wamepata matembezi mapya ya mwisho wa wiki: kuvuka hadi Busisi, kupiga picha na kugeuza. Daraja linastahili kutazamwa. Lina urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na limemaliza foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi iliyokuwa ikimla msafiri saa nzima na zaidi. Ila anayegeuza hapo ameona zege tu, Sengerema yenyewe bado hajaiona. Sengerema iko kwenye mialo yake, kule mitumbwi inakotua alfajiri, samaki wanakopimwa na dagaa wanakoanikwa. Mtu akijipanga vizuri anaweza kwenda asubuhi, akashinda huko, na jioni akala chakula cha usiku nyumbani kwake.

Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola na betri. Dagaa hufuata mwanga, nao wavu huwasubiri hapo hapo. Mbalamwezi ikikolea, taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku kadhaa, wakashona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Anayetaka kuona mwalo ukichemka aende siku za giza, karibu na mwezi mwandamo. Anayetaka watu wenye nafasi ya kuzungumza naye aende mbalamwezi. Sato na sangara huvuliwa mwezi mzima, hivyo kitoweo hakikosekani.

Majira nayo yana neno. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, dagaa hawakauki vizuri na njia za vijijini huwa tope. Mimi huchagua Juni na Julai, jua linapotawala, ingawa mchana upepo huweza kulichafua ziwa. Kwa sababu hiyo, jambo lolote linalohusu maji lifanye mapema, asubuhi ziwa likiwa bado limetulia.

Njia ni mbili, na ushauri wangu ni kuzitumia zote katika safari moja: kwenda kwa kivuko, kurudi kwa daraja. Kivuko cha Kamanga kinaondokea katikati ya jiji, jirani na Mwamba wa Bismarck, na huchukua takriban nusu saa. Panda ghorofa ya juu uone jiji la mawe likibaki nyuma yako. Wahi safari za mwanzo, maana mtu anayefika saa nne asubuhi amekuta biashara kubwa ya samaki imekwisha. Kamanga yenyewe ni kijiji cha ziwa, na mwenye watoto wadogo anaweza kuishia hapo bila kujuta. Mwenye nguvu aendelee kwa gari hadi Sengerema mjini, kisha achukue mchomoko (gari dogo la abiria) au bodaboda kwenda Chifunfu, kwenye mwalo wenye shughuli nyingi zaidi. Kurudi, magari ya kutoka Sengerema hupita Busisi, darajani, Kigongo na Usagara, kisha yanaingia Mwanza. Wanaopendelea barabara tangu mwanzo waanzie stendi ya Nyegezi. Patana na bodaboda bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na ubebe noti ndogo ndogo. Mama wa chapati hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi.

Ukifika, salimia kwanza. Kiswahili kinatosha kila mahali, lakini "mwangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya mchana hufungua nyuso za wazee wa Kisukuma, na "wabeja" ni shukrani inayoeleweka. Wenyeji wa kale wa eneo hili ni Wazinza, na mialoni utakutana pia na Wakerewe, Wajita na wengine waliofuata samaki. Uliza ilipo ofisi ya BMU, yaani kikundi cha wenyeji cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ujitambulishe na useme umekuja kutembea. Hakuna sheria inayokulazimisha, lakini mgeni anayezunguka na kamera bila kujulikana huchukuliwa kuwa mkaguzi au mtu wa nyavu haramu, na watu hunyamaza. Ukijulikana, mara nyingi hupatikana kijana wa kukuzungusha. Mpe chochote cha maana kwa muda wake.

Tenga saa nzima uwatazame akina mama wa dagaa. Ndoo inamwagwa, dagaa wanasambazwa kwa mikono hadi wanakuwa tabaka moja jembamba lenye kung'aa, kisha wanageuzwa jua likipanda. Kunguru na makorongo wanasogea kila mlinzi anapogeuza kisogo. Wengine huanika mchangani au juu ya mawe, wengine juu ya nyavu kuukuu, na wenye mtaji juu ya vichanja. Tofauti hiyo utaikuta sahanini kwako, maana wa kichanja hawana mchanga. Wingu likitanda, kila mtu hukimbia, kwa kuwa dagaa walionyeshewa hubadilika rangi, hunuka, na bei yao huporomoka hadi kuwa chakula cha kuku. Ukiwakuta katika hali hiyo, weka simu mfukoni ushike ndoo.

Katika kununua, dagaa wazuri wana rangi ya fedha, wakavu kiasi cha kuvunjika, na ukiwasugua kiganjani hawaachi changarawe. Hupimwa kwa kopo, sado au debe, basi uliza bei ya kipimo kabla hakijajazwa. Sato mbichi atazamwe jicho, ambalo linapaswa kuwa angavu na lililotokeza, na matamvua, yawe mekundu. Bonyeza mnofu. Ukibaki na shimo la kidole, mwache. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo usinunue hata ukiuziwa rahisi. Samaki hao hawajapata nafasi ya kuzaa, na kila anayewanunua anamlipa mtu anayemaliza ziwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo toka nyumbani na ndoo yenye mfuniko. Ukitaka mzigo mkubwa kuliko kitoweo cha nyumbani, uliza ofisi ya uvuvi kuhusu vibali.

Chakula cha mchana ni cha mwaloni: sato wa kuchemsha au wa kukaanga kwa ugali, na mara nyingine ugali huo ni wa muhogo. Agiza mapema, asubuhi, ukiwa umemchagua samaki mwenyewe. Wakiwepo wauzaji wa michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa namna ya Kisukuma, nunua. Ni chakula cha njiani kisichoharibika.

Sasa jambo la maji, na hapa naomba msomaji asome polepole. Maji ya ufukweni yanavutia, watoto wa kijiji wanaogelea, na wewe utatamani kuloweka miguu. Usiingie. Sababu ya kwanza ni mamba. Katika baadhi ya vijiji vya Sengerema na Buchosa watu wameuawa na kujeruhiwa wakichota maji, hadi vikajengwa vizimba vya chuma vya kuchotea. Mamba hukaa kimya karibu kabisa na ukingo, hasa penye matete na maji machafu, kwa hiyo hata kuinama kunawa mikono ni hatari. Viboko nao hutoka jioni kwenda malishoni. Usisimame kati yao na maji.

Kuhusu vyombo vya majini, kila anayeishi ukanda huu anazijua tarehe mbili: 21 Mei 1996, ilipozama meli ya MV Bukoba, na 20 Septemba 2018, siku ya kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka hatua chache kabla ya kufika Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Watu wengi wa MV Nyerere walikuwa wakirudi kutoka gulioni Bugolora. Fikiria hilo ukijikuta kijijini siku ya gulio na kila mtu anataka chombo cha jioni. Usipande mtumbwi uliojaa, usipande bila jaketi okozi lililofungwa mwilini, na usipande baada ya saa nane mchana ziwa likiwa limeanza kuinuka. Nahodha akikucheka, bakia nchi kavu.

Sababu ya pili ya kutoingia majini haionekani, nayo ni kichocho. Konokono wadogo wa maji ya ufukweni hutoa vimelea vinavyopenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Wengi wetu tumefundishwa kwamba dalili ya kichocho ni mkojo wa damu, lakini kinachotawala pwani za Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo: kuhara, maumivu, damu kwenye choo, na kikiachwa miaka mingi huharibu ini. Mtu anaweza kukaa nacho muda mrefu bila kuhisi kitu. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemewa. Maji ya kunywa beba mwenyewe au nunua ya chupa. Ya kunawa yawe yamechemshwa, au yamechotwa na kukaa kwenye chombo zaidi ya siku nzima.

Kama uliteleza ukashukia majini, au mtoto alikuponyoka, usikimbilie kumeza dawa jioni ile ile. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huiacha. Subiri wiki 6 hadi 8, nenda kituo cha afya, mwambie mtabibu wazi kwamba uligusa maji ya ziwa, na uombe kipimo cha choo pamoja na cha mkojo. Ukipata homa, kikohozi au upele kabla ya wiki hizo, nenda mapema na useme hivyo hivyo, huku ukipima malaria. Kwa mtoto, dozi hupangwa kwa uzito au urefu wake, kwa hiyo usimpe vidonge vilivyobaki vya mtu mzima.