Mtafiti, Mwandishi wa Habari na Mtunga Sera: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanawahusu watafiti wa vyuo na taasisi za Tanzania. Yanawahusu pia wananchi wanaojitolea kushiriki katika tafiti na wangependa kujua matokeo yanakwenda wapi.

Nimesikia kwamba mtafiti haruhusiwi kuzungumza na waandishi wa habari. Ni kweli?

Si kweli, ingawa chanzo cha uvumi huo kinaeleweka. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu iliwekewa masharti makali, pamoja na adhabu ya jinai, kwa anayetoa takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 ilirekebishwa tena na adhabu hiyo ya jinai ikaondolewa. Kilichobaki ni utaratibu: soma masharti ya kibali chako cha utafiti na kanuni za mwajiri wako, kisha kiarifu kitengo cha uhusiano cha chuo kabla ya mahojiano.

Nani aambiwe matokeo kwanza?

Waliokupa muda wao, damu yao au majibu yao. Haipendezi mwanakijiji asikie habari za kijiji chake redioni kabla hujarudi kumweleza. Ukigundua hatari ya haraka, kwa mfano sumu katika kisima cha jamii, usisubiri jarida likuchapishe: mjulishe mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo.

Mimi ni mshiriki. Je, jina langu litatangazwa?

Halipaswi kutajwa bila ridhaa yako, na taarifa za afya zinalindwa kwa uzito zaidi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtafiti akumbuke kwamba kutaja kijiji, umri na kazi ya mtu kunaweza kumfichua hata kama jina limeachwa.

Nitaje vipi asilimia bila kupotosha watu?

Hapa ndipo habari nyingi huharibika, na mara nyingi kosa huanzia kwa mtafiti mwenyewe. Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi ni miongoni mwa sehemu ilikofanyiwa majaribio. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, vipindi vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 hivi katika takriban miaka minne. Wapo waliodhani kwamba watoto 36 tu kati ya 100 ndio waliokingwa, na waliobaki hawakunufaika kabisa. Maana yake ni nyingine: pale ambapo wasiochanjwa wangeugua mara 100, waliochanjwa wangeugua mara 64 hivi. Mweleze mwandishi kwa hesabu ya namna hiyo, umtajie na umri na muda, na uongeze kwamba chandarua bado kinahitajika.

Nikisema jambo halafu nikaomba lisinukuliwe, nitasikilizwa?

Huenda usisikilizwe. Makubaliano hayo hufanywa kabla ya kusema, na mwandishi akubali waziwazi. Vivyo hivyo kwa zuio, yaani saa iliyokubaliwa ambayo kabla yake habari haitolewi: liandikwe juu kabisa ya taarifa.

Watunga sera husikiliza watafiti kweli?

Husikiliza, hasa wakihusishwa mapema. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walisambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia 1997, wakishirikiana na timu za afya za wilaya. Mwaka 2001 walichapisha kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Pamoja na takwimu hiyo walikuwa na njia iliyokwisha kujaribiwa: hati ambayo mjamzito au mama wa mtoto mdogo aliipeleka dukani apunguziwe bei. Mwaka 2004 njia hiyo, kwa jina la Hati Punguzo, ikawa mpango wa taifa. Takwimu peke yake ingekaa kabatini. Wizara hutaka pia kujua jambo litatekelezwa na nani, na kwa gharama gani.

Nifikishe vipi maoni yangu bungeni?

Muswada, yaani rasimu ya sheria, ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, nayo huweza kualika wadau. Andika kurasa mbili: tatizo, ushahidi, pendekezo na kifungu kinachohusika.

Nimenukuliwa vibaya. Nifanye nini?

Mpigie mwandishi kwanza, kwa upole, ukiwa na maneno sahihi mkononi. Makosa mengi humalizika hapo. Isipowezekana, mwandikie mhariri kuomba masahihisho. Ikishindikana, Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari kilichoanzishwa 1995, husuluhisha malalamiko. Hifadhi nakala ya habari yenyewe, pamoja na tarehe na saa iliyotoka.